MABAMBA: MAFUNJO, KORONGO NYANGUMI NA MACHO YA DARUBINI

Ukitoka Kampala kwa barabara kuu ya Masaka, ukafika Mpigi, kisha ukakata kushoto kupitia Kasanje, njia ya udongo mwekundu itakuteremsha taratibu baina ya migomba na mibuni mpaka pale nchi kavu inapokwisha na mafunjo yanapoanza. Hapo ndipo Mabamba, ghuba yenye kinamasi katika ukingo wa kaskazini wa Ziwa Viktoria, magharibi ya Entebbe. Mwaka 2006 kinamasi hiki, chenye eneo la hekta 2,424, kiliandikwa katika orodha ya Ramsar, yaani orodha ya ardhi oevu zenye thamani kwa ulimwengu mzima.

Iko pia njia ya maji, nayo huanzia Nakiwogo, bandari ndogo ya Entebbe. Sisi tulichagua hiyo. Katika msafara wetu wa watu wanne alikuwamo afisa wa polisi mstaafu, aliyetumikia miaka mingi katika kikosi cha majini, na mzee huyu hakubali kwenda kwa gari mahali panapofikika kwa mashua. Majirani wote humwita Afande, nami nitamwita hivyo hivyo hapa. Alifuatana na mjukuu wake mwenye umri wa miaka 12. Mimi nilifuatana na mke wangu. Shingoni mwa Afande ilining'inia darubini ya macho mawili, nyeusi, yenye uzito upatao kilo moja, rangi yake imechubuka pembeni kwa kushikwa. Yangu ilikuwa ndogo zaidi. Juu ya ile ya Afande yameandikwa maneno haya: 7×50.

Mashua ilipokwisha kuiacha gati, mtoto aliisoma ile alama kwa makini. "Babu," aliuliza, "saba mara hamsini ni mia tatu na hamsini. Basi darubini hii huvuta vitu mara mia tatu na hamsini?"

"Muulize mwalimu," alijibu Afande bila kuondoa macho yake ziwani. "Ndiyo kazi aliyosomea."

Swali hilo ni jema, na watu wazima wengi wanunuao darubini hawalijui jibu lake. Zile si hesabu za kuzidisha. Tarakimu ya kwanza hueleza ni mara ngapi kitu huonekana kikubwa kuliko kionwavyo kwa jicho tupu, au tuseme, ni mara ngapi umbali umepunguzwa. Ndege aliye umbali wa mita 400, ukimtazama kwa darubini ya mara 8, utamwona kana kwamba yuko mita 50. Tarakimu ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Lenzi hiyo ni kama mdomo wa mtungi uliotegwa kwenye mvua: kadiri mdomo ulivyo mpana, ndivyo mtungi unavyokinga maji mengi. Mboni ya jicho la binadamu, hata ikifunguka kabisa gizani, aghalabu haizidi milimita 7. Lenzi ya milimita 50 hukusanya mwanga karibu mara 50 kuliko mboni hiyo.

Ukigawanya tarakimu ya pili kwa ile ya kwanza, utapata upana wa mshale wa mwanga utokao nyuma ya darubini kuingia jichoni. Kwa 7×50 ni milimita 7 na kidogo, unaoijaza mboni ya usiku. Kwa 8×42 ni milimita 5 na robo. Kwa zile ndogo za mfukoni, mathalani 8×21, hazifiki hata milimita 3. Mchana hazina ubaya, lakini jua likizama huwa kama mlango uliofungwa. Hii ndiyo sababu mabaharia, na askari wa doria za majini, hupenda 7×50 ijapokuwa ni nzito. Tena mkono wa binadamu hutetemeka, na darubini hukuza mtetemo ule ule kwa kiasi kile kile inachokuza ndege. Ndani ya mashua irukayo juu ya mawimbi, mara 7 zatosha sana. Mwenye darubini ya mara 12 huona ziwa likicheza ngoma.

Mtoto alitaka kujua pia kilichomo ndani. Lenzi ya mbele hupinda miali ya mwanga na kuikutanisha, ikafanya picha ndogo ya kitu kilicho mbali. Lakini picha hiyo huwa kichwa chini miguu juu, na kulia kumekuwa kushoto. Lenzi ya nyuma, iliyo karibu na jicho, ni kioo cha kukuzia tu: huikuza ile picha. Ikiwa ungeachiwa lenzi hizo mbili peke yake, ungewaona wavuvi wakitembea juu ya mbingu. Ndiyo maana katikati huwekwa vipande vya kioo kizito vyenye pembe, viitwavyo prizimu. Mwanga ukiwa ndani ya kioo na kuupiga ukuta wake kwa mshazari, hautoki nje, bali huakisiwa wote. Mtu aliyepiga mbizi ameliona jambo hili: akitazama juu kwa mshazari, uso wa maji huwa kama kioo cha kujitazamia. Kwa kuakisiwa mara nne, picha hugeuzwa ikasimama kwa miguu yake, na safari ndefu ya mwanga hukunjwa ikaenea katika bomba fupi.

Wazo la kukunja mwanga namna hiyo ni la Mwitalia Ignazio Porro, aliyepewa hataza mwaka 1854. Lakini kioo safi cha kutosha kilikuwa hakijapatikana, na ni Ernst Abbe na kiwanda cha Zeiss cha Jena, Ujerumani, walioitoa darubini hiyo madukani mwaka 1894. Wazo la macho mawili lenyewe ni la zamani zaidi. Mwaka 1608 fundi wa miwani Hans Lipperhey wa Middelburg alipoipeleka darubini yake ya bomba moja mbele ya serikali ya Uholanzi, wakubwa walimwambia atengeneze ya kutazamia kwa macho yote mawili. Walikuwa na haki. Mungu ametupa macho mawili ili tujue kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma, na darubini za Porro, ambazo lenzi zake za mbele zimetengana kuliko macho yetu, huongeza ujuzi huo. Ziko na nyingine za bomba lililonyooka, zenye prizimu za namna tofauti. Hizo ni nyepesi na hupendwa na watalii, lakini kazi ni ile ile.

Mabamba tulipokelewa na kijana mmoja wa chama cha waongozaji, mwenye mtumbwi wa upondo. Mashua ya injini ilibaki gatini, maana katika mifereji ya mafunjo injini haina kazi. Mayungiyungi yalikuwa yamefumbua, na ndege wadogo wenye vidole virefu walitembea juu ya majani yake kana kwamba wako sebuleni. Mafunjo yalitupita kimo pande zote mbili. Mara mfereji ukapanuka, tukaona uwanda wa majani mafupi ulioenea mbali.

Mke wangu aliinua darubini mara moja akaanza kupekua. Kijana alimzuia kwa heshima. "Mama, tafadhali, ishushe kwanza. Tazama kwa macho yako. Tafuta rangi ya kijivu mahali ambapo yote ni kijani. Ukiipata, ndipo uinue."

Msomaji, katika safari nzima sikusikia neno lililo na faida kuliko hilo. Darubini ya mara 8 aghalabu huonyesha upana wa mita 130 hivi kwa umbali wa mita 1,000; ya mara 10 huonyesha pungufu ya hapo. Vingine vyote huwa gizani. Mwenye kuutafuta uwanda mzima kwa darubini ni sawa na mtu atafutaye mbuzi aliyepotea huku akichungulia kwenye tundu la ufunguo. Jicho tupu halioni mbali sana, lakini huona upana wote na hushituliwa na kitu kinachotikisika pembeni. Jicho hutafuta, na darubini hutoa jawabu. Ziko desturi za kuutumia uwili huo: ukiisha kukiona kitu, usiondoe macho juu yake, leta darubini mpaka machoni, wala usipeleke macho kwenye darubini. Tuliifanya hivyo, na ile rangi ya kijivu aliyoionyesha kijana, ambayo kwangu ilikuwa kama kisiki, ikawa korongo nyangumi.

Ni ndege wa ajabu. Kimo chake huanzia mita 1 na sentimita 10, wengine hufikia mita 1 na sentimita 40. Mdomo wake ni mpana kama kiatu cha mbao, una madoa, na mwisho wake una ndoana. Jicho lake ni la rangi hafifu. Alisimama ukingoni mwa maji bila kutikisa unyoya kwa muda mrefu, kisha ghafula alianguka mbele kwa mwili wote, mabawa wazi, akainuka na fungu la majani mdomoni. Katikati ya majani hayo alijipinda kamongo, yule samaki mwenye mapafu, chakula akipendacho kuliko vingine. Aliyatema majani kidogo kidogo, akammeza samaki. Katika darubini niliuona utelezi wa ngozi ya samaki yule. Kwa jicho tupu ningesema tu kwamba kisiki kimeanguka.

Kijana alituambia kwamba zamani wavuvi wa hapa waliamini kuwa ukikutana na ndege huyu siku hiyo hutapata samaki, na kwa sababu hiyo walimwua walipomwona. Tena huyu ni ndege azaaye kwa shida: hutaga yai moja hadi matatu, na kwa kawaida kinda mmoja tu ndiye akuaye. Duniani kote wamebaki elfu chache, nao wamewekwa miongoni mwa viumbe walio hatarini. Leo vijana wa vijiji hivyo hivyo huwaongoza wageni kumtazama, na ada ya mtumbwi hulipa karo za watoto. Sitasema kwamba ni darubini iliyoleta mageuzi hayo. Lakini bila chombo cha kumwona kwa mbali, kila mgeni angetaka kusogezwa karibu, na ndege asumbuliwaye kila siku huliacha kiota chake. Umbali ule ndio unaomlinda.

Tukiwa twala mihogo yetu gatini, neno la yule kijana lilimfanya Afande amkumbuke Frederick Fleet. Huyu alikuwa mlinzi juu ya mlingoti wa meli Titanic usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, ilipogonga mlima wa barafu na watu zaidi ya 1,500 wakapotea. Walinzi wa zamu hawakuwa na darubini juu ya mlingoti, na Fleet aliiambia tume ya uchunguzi ya Marekani kwamba wangekuwa nayo wangeuona mlima ule mapema kidogo, kiasi cha kutosha kuukwepa. Watu wengi wanaijua sehemu hiyo ya habari. Isiyosimuliwa sana ni kwamba mbele ya uchunguzi wa Uingereza manahodha kadhaa wazoefu walisema kinyume: kwamba kazi ya mlinzi ni kuona kwanza kwa macho yake na kupiga kengele, na kwamba darubini huja baadaye, mikononi mwa afisa wa daraja, ili kujua ni kitu gani. Afande yu upande wa manahodha. Mimi nadhani wote wawili walisema kweli, kila mmoja kwa sehemu yake, maana usiku usio na mbalamwezi lenzi pana hukusanya mwanga ambao jicho haliwezi kuukusanya. Lakini sharti kwanza ijulikane pa kuielekeza.

Hapo alimwonyesha mjukuu wake mistari midogo iliyochorwa ndani ya darubini yake. Darubini nyingi za kijeshi zina mistari hiyo, nayo hupima kwa kipimo kiitwacho mili. Mili moja ni kama mita 1 ikitazamwa kutoka mita 1,000. Basi ukikijua kimo au urefu wa kitu kwa mita, kizidishe kwa 1,000, kisha gawanya kwa mili ulizohesabu. Nguzo ya mita 3 ikichukua mili 5, iko umbali wa mita 600. Mtoto alilifanya hesabu hilo kwenye mchanga kwa kijiti. Afande aliongeza onyo ambalo kila askari hulisikia mapema: lenzi ikielekea jua humetameta, na anayetazama hutazamwa. Huvikwa kofia ya mbele, au mtazamaji hukaa kivulini.

Saa tisa tulianza kurejea Nakiwogo. Upepo wa alasiri ulikuwa umekwisha kuamka na ziwa limebadilika rangi. Mbali upande wa kusini Afande aliona doa jeusi. Nahodha alisema ni kisiwa cha mafunjo kielecho, na kwa kweli visiwa kama hivyo hukatika kutoka vinamasi na kutangatanga ziwani, tukiwa tumekwisha kukutana na kimoja asubuhi. Mke wangu alidhani ni gogo. Mimi sikuwa na neno. Nahodha aliongeza kwamba petroli yake imepimwa kwa safari yetu tu, na mawimbi yanakua.

Afande alijibana ubavuni mwa mashua, viwiko vikiegemea magoti, akatazama. Alikaa kimya muda ambao ulituchosha. Kisha alisema, "Ni mtumbwi. Uko ubavu. Watu watatu, mmoja amesimama, anapunga shati." Baada ya kitambo: "Mili tano."

"Babu, mtumbwi una mita ngapi?" aliuliza mtoto.

"Kama hizi za huku, saba."

"Basi ni mita elfu moja na mia nne."

Nahodha aliomba darubini, akatazama mwenyewe, akairudisha bila kusema kitu, akageuza usukani. Tuliwakuta wanaume wawili na msichana, magunia ya mkaa yamelowa, injini yao imekufa tangu adhuhuri, na mmoja akiteka maji kwa nusu ya jerikeni. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na jaketi la kuokolea maisha. Tuliwafunga kwa kamba tukawavuta polepole hadi Nakiwogo. Petroli ilitosha, ingawa nahodha alikitikisa kidumu chake mara nyingi njiani.

Nimeona niandike haya yote kwa sababu ziko nyumba nyingi za askari ambamo darubini imetundikwa ukutani kama pambo, na nyingine ambamo mtu anafikiri kununua. Ukienda dukani, usivutwe na maandishi ya mara 50 au mara 100 kwenye vitu vya bei nafuu. Ni maneno ya kuuzia. Kwa matumizi ya nyumbani na safarini, 8×42 yatosha. Ishike kwa mbali ukiielekeza kwenye mwanga: miduara miwili midogo ya mwanga nyuma yake iwe mviringo kamili, isiwe na kona. Itazame nguzo iliyo mbali. Kama picha mbili hazikutani ikawa moja, mabomba yake yamepindika na kichwa kitakuuma.

Kabla ya kuitumia, kunjua bawaba ya katikati mpaka uone duara moja. Macho ya mtu aghalabu hayalingani, kwa hiyo funga la kulia, urekebishe kwa gurudumu la katikati mpaka la kushoto lione vizuri. Kisha funga la kushoto na uzungushe pete iliyo kwenye lenzi ya nyuma ya kulia. Hilo hufanywa mara moja tu. Baadaye ni gurudumu pekee. Mwenye miwani asiivue, bali ateremshe vikombe vya mpira. Vumbi lipulizwe au lipanguswe kwa brashi laini kabla ya kitambaa kugusa kioo, maana chembe ya mchanga chini ya kitambaa ni msasa. Katika nchi yetu yenye unyevu adui mkubwa ni kuvu, ambayo huota ndani ya lenzi kama utando wa buibui. Usiifungie darubini ikiwa mbichi, wala usiihifadhi katika mkoba wa ngozi kabatini mwezi baada ya mwezi. Na watoto waambiwe waziwazi: darubini haielekezwi kwenye jua kamwe, hata kwa nukta moja. Lenzi ileile ikusanyayo mwanga hafifu wa usiku hulikusanya jua, na jicho huungua bila kuhisi maumivu.

Usiku wa siku ile tulilala Entebbe. Baada ya chakula, Afande alimtoa mjukuu wake uani, akaiweka darubini juu ya ukuta wa seng'enge ya maua ili isitikisike, akailenga nyota kubwa yenye mwanga mweupe iliyokuwa upande wa mashariki. Ilikuwa sayari ya Mshtarii, ambayo Galileo aliuona mwezi wake wa kwanza mpaka wa nne mnamo Januari 1610. Mtoto alitazama kwa muda, akasema anaona vinukta vitatu vidogo vimejipanga, viwili upande mmoja na kimoja upande wa pili. Aliulizwa cha nne kiko wapi. Alitazama tena, akashusha darubini, akaipangusa kwa pindo la shati lake, jambo lililompatia karipio la babu yake, kisha akasema bado anakitafuta.